Je, Wajua? Kiuno cha Nesi Hakidanganyi

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji wa Singida. Leo tunawageukia wale wanaotupima presha, wanaotudunga sindano na wanaowapokea watoto wetu usiku wa manane. Je, wajua kwamba kiuno cha nesi kinaweza kuanza kuuma kwa sababu moyo wake umechoshwa na kazi? Na moyo huohuo ukazidi kuchoka kwa sababu kiuno kinauma! Tena wanawake na wanaume hawaumwi kwa namna moja, na hapo ndipo penye maajabu.

Je, wajua kwamba jirani zetu wa Uganda waliwahi kuwauliza manesi 741 wa hospitali 5 kama waliumwa misuli au viungo ndani ya miezi 12 iliyopita? Asilimia 80.8 walisema ndiyo! Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na sehemu iliyoongoza kwa kuuma ilikuwa kiuno: asilimia 61.9.

Subiri, bado hujasikia. Watafiti hao walipotafuta mambo yanayoambatana na maumivu, hawakukuta kuinama na kujipinda peke yake. Nesi aliyekuwa na uchovu wa akili alikuwa na uwezekano wa kuumwa takriban mara 2 ya mwenzake! Huenda hakuinama zaidi ya mwenzake, akili tu ndiyo iliyochoka.

Wajua kwamba kuna orodha ya maswali iliyotungwa na wataalamu wa nchi za Skandinavia mwaka 1987, inayougawa mwili wa mfanyakazi katika sehemu 9? Hesabu nami kwa vidole: shingo, mabega, viwiko, mikono, mgongo wa juu, kiuno, nyonga na mapaja, magoti, miguu na vifundo vyake. Kama wewe ni mtumishi wa afya, jiulize sasa hivi ni ngapi kati ya hizo 9 zimekuuma tangu mwaka jana. Umepata ngapi?

Sasa shika hili, maana ndilo lililonifanya niandike safu nzima. Nchini Finland walichunguzwa wafanyakazi 3,368 wenye umri wa miaka 30 hadi 64, wa kazi za kila aina. Kwa wanawake, uchovu sugu wa kazi uliandamana na magonjwa ya misuli na viungo. Kwa wanaume? Uliandamana na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu! Uchovu ni uleule, lakini kwa dada unagonga mgongoni na kwa kaka unagonga kifuani.

Utauliza, kipi kilitangulia, uchovu au maumivu? Mwaka 2009 mtafiti Samuel Melamed wa Israeli alichapisha habari za wafanyakazi waliokuwa wazima kabisa, bila maumivu yoyote, waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wamechoshwa zaidi na kazi mwanzoni ndio waliokuja kuumwa zaidi baadaye. Yaani uchovu ulikuja kwanza, maumivu yakafuata!

Na wajua kwamba aliyeuweka uchovu huu kwenye vitabu vya kitaalamu aliukuta kwa watu wa afya? Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa akijitolea jioni katika kliniki ya bure mjini New York baada ya kumaliza kazi yake ya mchana. Mwaka 1974 akaandika alichokiona kwa wenzake, na kwake mwenyewe pia: kuumwa kichwa mara kwa mara, tumbo kuvurugika, mafua yasiyoisha, usingizi kukimbia. Miaka 50 na zaidi imepita, na tangu siku hiyo ya kwanza mwili umo kwenye orodha.

Kuna kipimo chake pia! Christina Maslach na Susan Jackson wa Marekani walikitoa mwaka 1981, maswali 22 tu. Kinapima mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kuwaona wagonjwa kama vitu, na kujiona hufanyi kazi yenye maana. Hakuna sindano, hakuna damu, kalamu tu.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani haliuiti uchovu huu ugonjwa? Mwaka 2019 liliuingiza katika orodha yake mpya ya kimataifa, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, likautaja kuwa hali inayotokana na kazi. Chanzo, limesema, ni msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa vizuri. Soma tena hapo: kazini! Lawama haijawekwa kwa nesi.

Haya, turudi kwa dada na kaka. Mwaka 2010 watafiti wawili walikusanya tafiti 183 wakizitafuta tofauti za wanawake na wanaume. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo: wanawake walizidi kidogo kwa kuishiwa nguvu, wanaume walizidi kidogo kwa kujitenga na watu wanaowahudumia. Kwa hiyo yule tabibu anayekujibu kwa mkato bila kuinua macho kwenye faili, usikimbilie kusema ana kiburi. Huenda ndivyo uchovu wake unavyoongea.

Wajua kwamba homoni za msongo zinajua nani anaenda nyumbani kupumzika na nani anaenda kuanza kazi ya pili? Marianne Frankenhaeuser aliwapima wafanyakazi wa kiume na wa kike wa kampuni ya magari ya Volvo huko Sweden, akachapisha mwaka 1989. Saa za kazi zilipokwisha, msongo wa mameneja wanaume ulishuka. Wa mameneja wanawake ukabaki juu!

Hao ni Waswidi, wenye majiko ya umeme na maji ya bomba. Sasa mfikirie mkunga wa zahanati ya kijijini Mkalama au Ikungi anayetoka zamu ya usiku akikuta mtoto anataka uji, ndoo haina maji, na mgeni wa mume wake amekaa sebuleni. Sihitaji kipimo cha homoni kujua mabega yake yamekazaje.

Na mabega hukaza kweli! Mtu akikalishwa kitini bila kubeba hata kikombe, kisha akapewa hesabu ngumu huku akiharakishwa, misuli ya mabega na shingo huanza kujikaza yenyewe. Imepimwa kwa vyombo mara nyingi. Wewe umekaa tu, lakini misuli iko kazini.

Tena wajua kwamba ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo ambazo huanza kazi mapema kuliko zote na kupumzika mwisho kuliko zote? Mtaalamu Göran Hägg wa Sweden aliieleza hoja hiyo mwaka 1991. Wasiwasi usipokwisha, nyuzi hizo hazipati likizo hata ya dakika chache. Ndiyo maana nesi anaweza kushinda dirisha la dawa siku nzima bila kuinua kitu kizito na bado akalala shingo inawaka.

Usingizi nao? Watafiti wa California waliwakesha vijana wazima usiku mmoja, kisha wakawapasha joto miguuni hadi wahisi maumivu. Joto ambalo jana halikuwauma, leo liliwauma! Sehemu ya ubongo inayopokea maumivu ilipaza sauti, na sehemu zinazoyatuliza zikanyamaza. Usiku mmoja tu, msomaji. Kuna wanaokesha wiki nzima.

Sasa njoo kwenye mizigo. Je, wajua uzito wa juu ambao wataalamu wa Marekani walipendekeza mwaka 2007 kwa nesi kumwinua mgonjwa kwa mikono yake, hali ikiwa nzuri kabisa? Kilo 16! Ndoo ya maji ya lita 20, ile inayobebwa kila asubuhi kuanzia Manyoni hadi Kiomboi, ina kilo 20. Kwa hiyo mgonjwa wa kilo 65 anayegeuzwa kitandani na nesi mmoja ni zaidi ya ndoo 3 kwa mpigo, tena ndoo isiyo na mshikio, inayoteleza, inayolia na kukushika shingo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu wa mgonjwa, simama umsaidie nesi kushika upande wa pili.

Kichwa chako kina uzito wa kilo 5 hivi. Ukikiinamisha nyuzi 60, kama anavyofanya mkunga anayeshona mama aliyechanika, shingo inabeba mzigo wa takriban kilo 27! Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2014 na daktari bingwa wa upasuaji wa mgongo mjini New York, yeye akiwafikiria wenye simu. Wakunga walikuwa wameinama karne nyingi kabla ya simu.

Wajua kwamba Alf Nachemson wa Sweden alichoma vipimo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu walio hai ili kujua shinikizo lake? Ukisimama wima, alisema, hiyo ni asilimia 100. Ukilala chali inashuka hadi 25, ukisimama ukainama mbele inapanda hadi 150. Kuinama kidogo kwenye kitanda kifupi cha wodi si jambo dogo!

Na kwa sababu ya mbano huo, jioni wewe ni mfupi kuliko asubuhi, kwa sentimita 1 hivi au zaidi. Diski 23 zilizo kati ya pingili hubanwa mchana kutwa, zikatoa maji, kisha zikanywa tena ukilala. Jipime ukutani kesho ukiamka na tena usiku.

Sasa tuhesabu watu. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 2,008,058 mkoani Singida. Miaka 10 kabla walikuwa 1,370,637. Ongezeko la 637,421! Na mkoa wenyewe, wenye kilomita za mraba zaidi ya 49,000, unakaribia mara 2 ya nchi nzima ya Rwanda.

Shirika la Afya Duniani linasema kila watu 10,000 wanahitaji madaktari, manesi na wakunga 44.5 kama tunataka kuyafikia malengo ya 2030. Piga hesabu kwa Singida peke yake: takriban 8,900! Unapoona foleni kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hadi Makiungu, Iambi na Mtakatifu Gaspar kule Itigi, ukumbuke namba hiyo. Kila nafasi iliyo wazi kwenye ikama inabebwa na mgongo wa mtu aliyepo.

Afrika inaijua hadithi hiyo tangu zamani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2006 ilisema bara letu la kusini mwa Sahara lilikuwa na asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa wa dunia na asilimia 3 tu ya watumishi wa afya. 24 kwa 3!

Je, wajua kwamba kati ya kila watumishi 100 wa afya na ustawi wa jamii duniani, 67 ni wanawake? Kwa manesi pekee ni karibu 9 kati ya 10. Lakini panda juu kwenye viti vya uongozi: wanawake ni 25 tu kwa 100. Na kwenye bahasha ya mshahara wanapata pungufu ya wanaume kwa wastani wa asilimia 24. Wanaoinama wengi ni akina mama, wanaopanga ratiba ya kuinama wengi ni akina baba.

Usidhani wanaume wamesalimika. Mwaka 2021 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na kazi yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na mwenye saa 35 hadi 40. Watu 745,000 walikufa hivyo mwaka 2016 pekee, na 72 kati ya kila 100 walikuwa wanaume! Kaka yangu tabibu unayeunga zamu ya serikali na ya duka la dawa, hesabu saa zako leo.

Na ile sauti ya "mwanamume jikaze" haisaidii. Anayejikaza haandikwi popote, hahesabiwi, hapewi mapumziko. Maumivu yasiyosemwa hayapungui hata chembe.

Hebu tupumue na panya kidogo. Wajua kwamba panya wa maabara huonyesha maumivu kidogo zaidi mtafiti akiwa mwanamume? Waligundua mwaka 2014 huko Canada: hata fulana iliyovaliwa na mwanamume ikiwekwa karibu, panya huingiwa na msongo unaofunika maumivu yake. Fulana ya mwanamke haifanyi hivyo!

Tena mwaka mmoja baadaye, 2015, panya walionyesha kwamba maumivu sugu ya dume na ya jike yanaweza kutumia chembe tofauti za kinga kufika yanakokwenda. Na bado, kwa miaka mingi, wanasayansi waliwatazama madume tu: uchambuzi wa 2005 wa jarida kubwa la maumivu ulikuta asilimia 79 ya tafiti za wanyama zilitumia madume pekee. Majike pekee? Asilimia 8! Wakati huohuo kipandauso kinawapata wanawake takriban mara 3 ya wanaume.

Hili la Florence Nightingale unalijua? Mama huyo, ambaye siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Manesi Duniani, aliporudi kutoka vita vya Crimea alikuja kuteswa na maumivu makali ya mgongo. Akaishi miaka mingi kitandani au karibu na kitanda, huku akiandika barua zaidi ya 10,000 na kuzibadili hospitali za Uingereza. Mwaka 1995 mtaalamu mmoja alitoa hoja nzito kwamba ulikuwa ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ule unaopatikana kwenye maziwa mabichi. Wafugaji wenzangu wa Singida, chemsheni maziwa!

Je, wajua kwamba dawa ya kichwa imewahi kupunguza machungu ya moyo? Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani waliwapa watu paracetamol kila siku kwa wiki 3, wengine wakapewa kidonge kitupu. Waliomeza paracetamol waliripoti kuumizwa hisia kidogo zaidi! Usiende kununua pakiti, ini lako halitakushukuru. Shangaa tu kwamba ubongo unaweka kidonda cha mwili na kidonda cha maneno jirani kiasi hicho. Sasa fikiria nesi anayetukanwa dirishani na ndugu wa mgonjwa mbele ya watu 40.

Lakini kuna habari njema, tena ya bei rahisi! Mwaka 2017 madaktari wa upasuaji 66 nchini Marekani walijaribu kusimama kidogo katikati ya upasuaji na kunyoosha viungo, dakika moja na nusu, kila baada ya dakika 20 hadi 40. Maumivu yao yalipungua, wengi wakasema mwili na akili vimefanya kazi vizuri zaidi. Na upasuaji haukurefuka! Kama mwenye kisu mkononi anaweza kupata sekunde 90, na wewe wa kliniki ya watoto unaweza.

Sheria nayo iko upande wako. Wajua kwamba sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na hairuhusu mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku? Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, una haki ya mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Mjamzito halazimishwi zamu ya usiku katika miezi 2 ya mwisho.

Sheria hiyohiyo inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba? Siku 3! Kwa maoni yangu 3 ni chache mno, kwa mgongo wa mama na kwa moyo wa baba.

Je, wajua kwamba mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliingiza magonjwa ya akili kwa mara ya kwanza katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi, bega kwa bega na ya misuli na mifupa? Na kwamba hapa kwetu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaowahusu wa serikali na wa binafsi? Kiuno kilichoumia wodini ni jambo la kuripotiwa kwa maandishi, siku hiyohiyo.

La mwisho, na hili nakuambia wewe nesi, mkunga, tabibu na mhudumu wa wodi. Una haki ya siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Wengi wenu mnaziahirisha kwa kuwahurumia wagonjwa. Dada, kaka, peleka fomu kwa mganga mfawidhi wiki hii, uziombe zote 28.